Doa la Njano Nyuma ya Tembo

"Tembo wa kuuona mgongo wangu bado hajazaliwa."

Hivyo ndivyo Kifua alivyokuwa akianza, kwa kila mteja aliyethubutu kuinua macho kuitazama picha kubwa iliyotundikwa ukutani mwa studio yake. Mteja kaja kupigwa picha ya kitambulisho, kaacha chungu jikoni, ana haraka zake; haidhuru. Atasimuliwa tembo kwanza, kitambulisho kitafuata.

Jina hilo la Kifua hakupewa na wazazi. Alipewa na mtaa, kwa jinsi alivyokitanguliza kifua kila alipopita, utadhani kinakwenda kupokea zawadi. Ila akiwa na haraka, kifua chote kilisahaulika. Miaka mingi ya kubeba mkoba wa kamera begani kulia ilikuwa imempinda, na akikimbilia jambo, hata kama ni kuwahi nguo zisinyeshewe, bega la kushoto ndilo lililotangulia, kama askari anayevunja mlango. Vijana walimwigiza mbele ya macho yake. Yeye alicheka nao, maana mtu wa majigambo hujifunza kucheka mapema kabla hajachekwa.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele alikaa mdogo wake wa kike, mjane, akikata picha nne nne kwa mkasi na kuzitia kwenye bahasha. Nyuma ya pazia palikuwa na stuli, taa mbili, kitambaa cha buluu, kioo chenye kitana kilichofungwa kwa uzi ili kisije kikatembea, na koti jeusi la wateja. Koti lilikuwa moja kwa watu wote. Mwembamba alibanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo. Mnene alilivaa kwa mbele tu, nyuma akamwachia Mungu. Kwenye picha wote walitoka mameneja.

Na ukutani, ukiwa umeketi kwenye stuli huna budi kutazamana naye, alikaa tembo.

Ilikuwa picha ya kumtia mtu baridi. Jicho lilikuwa limekuzwa mpaka likatosha sahani. Kope ungeweza kuzihesabu, moja moja, na tope lililokaukia katika mikunjo, na inzi mmoja aliyetua pembeni akinywa unyevu. Kisha, kidole kimoja tu nyuma ya jicho, dunia ilianza kuyeyuka. Pembe ilikuwa ukungu. Sikio lilikuwa moshi. Na mbali nyuma ya sikio, mahali ambapo hapakuwa na umbo la kitu chochote, palikuwa na doa la njano, dogo kama ukucha wa dole gumba.

"Lenzi ni kama jicho la mtu," Kifua alikuwa akifundisha. Ukiifinya, inaviona vyote, vya karibu na vya mbali. Ukiifungua mpaka mwisho, inapenda kitu kimoja na kuvisahau vingine, kama kijana aliyepata mchumba. Sehemu inayoonekana vizuri inakuwa nyembamba kuliko kidole. Mpigaji akitetemeka, akipumua vibaya, jicho limekwenda, umebaki na picha ya sikio. Kwa hiyo, mteja mpendwa, jiulize mwenyewe: aliyeipiga hii alikuwa na moyo wa namna gani?

Mteja hakuwahi kupewa nafasi ya kujiuliza. Kifua alimjibia.

Na hili doa la njano? Kichaka. Kilikuwa kimechanua.

Baada ya kichaka ndipo aliposhusha sauti, kwa sababu ya mdogo wake aliyekuwa upande wa pili wa pazia, ingawa pazia halijawahi kuwa ukuta. Siku ile hakuwa peke yake. Alikuwa na shemeji yake, mume wa huyu mdogo wake, dereva wa kupeleka wageni porini, aliyeitwa Polepole. Na Polepole, Mungu amrehemu, alipoona masikio ya tembo yamefunguka, alikimbia. Simsemi vibaya marehemu, Kifua aliongeza, hofu haina mwenyewe. Alikimbia, akazunguka, akaja kuangukia karibu na miguu yangu, tembo nyuma yake. Mimi nilikuwa nimeganda na kamera yangu.

Hadithi njema huwa na miguu. Hii iliondoka studio, ikavuka barabara, ikaingia yadi ya madereva. Sasa, kwa madereva wale kulikuwa na sheria moja iliyozidi ile ya breki: mbele ya tembo hukimbii. Unaweza kulia, unaweza kuomba dua, unaweza hata kujikojolea na hakuna atakayekucheka, lakini unasimama. Kwa hiyo wakawa wakimwambia kila dereva mgeni, "Angalia usije ukafanya ya Polepole." Wengine hawakumjua hata huyo Polepole alikuwa nani. Mama yake mzazi aliyasikia maneno hayo sokoni, kutoka kwa vijana waliokuwa wakitaniana juu ya gari, na siku hiyo alirudi nyumbani na kikapu kitupu.

Maana yeye ndiye aliyemzaa, akamlea, akachoka kumsubiri. Polepole hakukimbia kwa mvua. Hakukimbia kwa nyuki. Kwenye harusi yake mwenyewe alifika wageni wamekwisha kula, akasema, "Mbona mna pupa?" Leo aambiwe kwamba mtu huyo, mara moja tu maishani, alikimbia, na ilikuwa pale asipotakiwa kukimbia? Mama alilikataa moyoni. Lakini moyo si shahidi, na aliyekuwepo alikuwa mmoja, naye alikuwa akisimulia kila siku bila kuchoka.

Kwa Kifua, mambo yalianza kwa mwalimu mmoja.

Alimpiga picha, akaitazama kwenye skrini, akaona nyuma ya bega la mwalimu, juu ya kile kitambaa cha buluu, doa la njano. Akafikiri ni taa. Akabadili taa. Akafuta lenzi kwa kitambaa laini, akapiga tena; doa lipo. Mwalimu aliondoka na picha zake bila kulalamika. Siku zilizofuata likaja nyuma ya bibi harusi mtarajiwa, likaja nyuma ya polisi, likaja nyuma ya mtoto mchanga aliyeshikiliwa na mikono ya mama yake iliyojificha chini ya kitambaa. Kifua alifua kile cha buluu. Alinunua kingine. Alipeleka kamera kwa fundi, fundi akairudisha na kumwambia haina ugonjwa, labda mwenyewe.

Akamwonyesha mdogo wake. Mjane akageuza picha kwenye mwanga, akaitazama vizuri.

"Kaka, mimi naona mtu na masikio yake mawili."

Basi Kifua akaifinya lenzi mpaka mwisho wa kufinyika, ili kila kitu kitoke wazi, hata nyuzi za kitambaa. Nyuzi zilionekana. Doa lilibaki na ukungu wake, peke yake, katikati ya vitu vyenye kingo. Na lilikuwa likikua. Mwanzoni lilikuwa ukucha; likawa yai; likawa na kitu kama urefu. Halikuwa doa la mtu anayekwenda. Lilikuwa la mtu anayekuja.

Mchana, mdogo wake akitoka kwenda kula, Kifua alibaki amesimama mbele ya kile kitambaa kitupu. "Shemeji," alikuwa akinong'ona, "niache nifanye kazi." Wakati mwingine jenereta la jirani lilikata, na katika ule ukimya alisikia mngurumo mzito, chini kabisa, uliopita sakafuni na kumpanda kwenye mbavu. Kisha jenereta likawaka tena na yeye akajidai ni jenereta tangu mwanzo.

Hakuwahi kujiuliza jambo moja dogo. Polepole alivaa kaki maisha yake yote, kazini na msibani. Kama ni yeye aliyekuwa akija, njano aliipata wapi?

Siku aliyokuja mama yake Polepole ilikuwa siku ya kawaida, ya jua. Mama huyo macho yake mawili yalikuwa yameota ukungu. Kwa muda mrefu hakuwa na sura ya mtu yeyote mbele yake, isipokuwa vivuli na rangi. Hospitali walikuwa wamemwahidi kumwondolea, ila kadi yao ilitaka picha. Akaja kwa mkwewe.

Alisimama mlangoni na fimbo yake, akapishana na mteja aliyekuwa akitoka.

"Yule fundi viatu mguu wake haujapona tu?" aliuliza.

Mjane alicheka, akasimama kumpokea. "Mama, umemjuaje? Hata hakusema neno."

"Sura zilinihama zamani, mkwe wangu. Nimebaki na namna za watu. Kila mtu ana namna yake ya kusimama hewani. Wewe, kwa mfano, umekonda."

Kifua aliisikia sauti hiyo akiwa nyuma ya pazia, na moyo ukampiga kofi. Akatoka mbio kumwamkia kabla hajasalimiwa na mwingine.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanijia kwa bega? Nani anakufukuza?"

Wakacheka wote watatu. Kifua alicheka zaidi.

Akamshika mkono, akamketisha kwenye stuli, akamwekea koti la wateja mabegani. Mama akapapasa kola, akauliza kama sasa yeye ni meneja wa nini. Kifua akainama kwenye kamera. Na ndani ya kile kidirisha kidogo, nyuma ya bega la mama, lilikuwa limesimama. Halikuwa doa tena. Lilikuwa refu kama mtu, la njano tupu, karibu kiasi kwamba angeweza kulisikia likihema. Kifua aliinua kichwa: kitambaa cha buluu, basi. Akarudisha jicho: lipo. Akabonyeza, mkono ukamcheza, akalazimika kubonyeza tena.

"Unatetemeka," mama alisema.

"Njaa tu, Mama."

Alipomaliza, mama hakuinuka. Alisema wakishamwosha macho atamwona huyo tembo kama watu wengine wanavyomwona, lakini leo alitaka kumsogelea kwa macho haya haya, ambayo mwanawe aliyajua. Apelekwe karibu. Na asimuliwe, kwa sababu kila mtu mtaani amesimuliwa ila yeye.

Kifua akapiga hesabu haraka. Kuna hatari gani? Afadhali aje leo na ukungu wake kuliko mwezi ujao na macho mapya. Akamshika kiwiko, akamsogeza mpaka pua yake ikakaribia kioo cha fremu. Nyuma yao, upande wa pili wa pazia, mkasi uliendelea kukata: kwacha, kwacha.

Akaanza, lakini kwa mara ya kwanza kile kipande cha mgongo na tembo asiyezaliwa hakikutoka. Alianzia kwenye kijito kilichokauka, ambako dume lilikuwa peke yake likichimba mchanga kutafuta maji. Hapo ulimi ukaenda njia yake ya kila siku, na kumbukumbu ikaenda njia nyingine.

Ulimi ulisema waliegesha gari mbali, ng'ambo ya kijito, wakazunguka kwa miguu mpaka kwenye kichuguu ambako upepo haukupeleka harufu yao. Hiyo ilikuwa kweli. Kumbukumbu iliongeza koti jipya la mvua, la njano, ambalo Kifua alilivaa bila mvua, kwa sababu lilikuwa jipya. Alikuwa amemuuliza Polepole kama alivue. Polepole alijibu kwa raha zake zile zile, "Rangi si neno, shemeji. Neno ni kutikisika. Ukitulia, wewe ni kichuguu."

Ulimi ulisema kamera ilikaa juu ya miguu yake mifupi, na tembo akaja. Kumbukumbu ilijua alivyokuja: kitu kikubwa kuliko chumba, na hakikuvunja hata kijiti. Harufu ya tope na majani yaliyochacha. Tumbo lake lilinguruma, na mngurumo huo Kifua hakuusikia kwa masikio bali kwa mbavu. Jicho liliingia kwenye lenzi, likapotea, likarudi. Kope. Inzi. Kisha masikio yakafunguka, na Polepole, aliyechuchumaa ubavuni pake, akasema taratibu, "Tulia."

Ulimi ulisema, "Hapo ndipo marehemu alipokimbia."

Kumbukumbu ilikuwa tayari njiani. Miguu ya Kifua haikumwomba ruhusa. Ilikata kwa pembeni, ikamzunguka tembo kwa nyuma, ikalielekea gari ng'ambo ya kijito, koti la njano likipigapiga kama bendera. Nyuma yake alisikia kamera ikilia mara moja. Kisha alisikia sauti nyingine, ambayo hakuwahi kuitia katika hadithi na ambayo hadithi yote ilijengwa ili kuifunika.

Tembo alipokwisha kwenda zake, Kifua alirudi. Kamera ilikuwa bado imesimama. Polepole alikuwa amelala chini ya kichuguu, pale pale alipochuchumaa, na waya wa kubonyezea kamera kwa mbali ulikuwa mkononi mwake, kidole kimekunjika juu yake. Labda alibonyeza ili safari ya shemeji yake isiende bure. Labda kidole kilijikunja chenyewe. Hakuna wa kuulizwa. Kifua aliutoa waya kwenye kile kidole, na kidole kilikuwa bado na joto.

"Mimi nilibaki pale," ulimi ulimalizia. "Nikabonyeza. Basi."

Mama alisogeza uso zaidi. Pumzi yake ilitia ukungu kioo, akaufuta kwa kiganja.

"Na hii njano?"

"Kichaka, Mama. Kilikuwa kimechanua."

"Kichaka." Alirudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni uani. "Kichaka husimama, mwanangu. Hiki kinakwenda."

Kifua akacheka kile kicheko chake cha mapema. Akamweleza kwa upole, kama anavyomweleza kila mteja, kwamba pale hata mwenye macho mazima haoni umbo, kwa sababu lenzi ikifunguliwa hivyo hufuta kila kilicho nyuma.

"Imewafutia ninyi," mama alisema. "Ninyi mmezoea kingo. Mimi ndivyo ninavyoviona vitu vyote tangu ninapoamka. Mkwe wangu ni hivi. Fundi viatu ni hivi. Wewe uliponijia pale mlangoni ulikuwa hivi hivi. Hii sehemu ya nyuma ya picha yako, mimi ndimo ninamoishi."

Upande wa pili wa pazia, mkasi ulinyamaza.

"Asubuhi ile ulipokuja kumchukua mwanangu, ulivaa kitu cha njano. Nilikiona, maana rangi sijanyimwa. Nikamwambia, shemeji yako leo ameiva. Akacheka mpaka akakaa chini. Ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia, kwa hiyo sikisahau, wala rangi ile siisahau." Aliinua fimbo, akagusa kioo, taratibu, pale kwenye doa. "Bega la kushoto mbele. Huyu ni wewe."

"Mama, tuseme ni..."

"Sijamaliza. Kama wewe uko kule nyuma ya tembo, unakimbia, huku mbele alikuwa nani?"

Pazia lilivutwa. Mdogo wake alisimama hapo, mkasi mkononi, vipande vya picha za watu vikimwangukia kwenye sketi. Hakumtazama kaka yake. Alitazama zile kope, moja moja, zilivyotulia. Alizitazama kama mtu anayezihesabu, na katika kuzihesabu akawa anaona mkono uliozishika, mkono usio na haraka, uliomchelewesha kwenye kila safari na kila karamu, na ambao haukujua kutetemeka.

Kifua alisema taa moja imeungua. Alisema lazima awahi dukani kabla hawajafunga. Jua lilikuwa bado juu ya paa. Alipita kati yao, akagonga stuli, akaupata mlango.

Mjane aligeuka kumfuata kwa macho, lakini machozi yalikuwa yamemjaa, na hakumwona kaka yake. Aliona doa tu, halina kingo, likitoka kwenye mwanga, bega la kushoto mbele.

"Umemwona sasa?" mama akamuuliza.